Kifuko kisichodumu hata saa sita: uchambuzi wa kisa kimoja cha ileostomi

Mgonjwa ni kijana wa miaka 29, dereva wa bodaboda. Utumbo wake mwembamba ulitoboka kwa homa ya matumbo, hii ambayo wengi tunaiita taifodi, akapasuliwa usiku kwa dharura. Alitoka wodini na ileostomi ya kitanzi, yaani sehemu ya utumbo mwembamba imetolewa nje ya tumbo upande wa kulia, chini kidogo ya usawa wa kitovu, ili kinyesi kipitie hapo wakati utumbo ulioshonwa unapona. Kwa kuwa ilikuwa dharura, hakuna aliyepata nafasi ya kumwambia akae, ainame, asimame, kisha amchoree alama mahali ambapo tumbo halikunjiki. Stoma, yaani mdomo huo wa utumbo uliotokezwa nje, ikawekwa palipopatikana, karibu na mshono wa katikati.

Wiki ya sita amerudi kliniki akiwa na mama yake. Malalamiko ni matatu: kifuko hakidumu saa sita, ngozi inawaka kama imepakwa pilipili, na vifuko vinakwisha, maana anatumia vitatu kwa siku. La nne hakulisema mwenyewe, lilisemwa na mama: kijana anakula mlo mmoja tu, usiku, na maji anayaonja, ili kifuko kisijae akiwa mbele za watu. Amepungua, na mkojo wake umekuwa wa rangi ya chai.

Hilo la nne ndilo la hatari zaidi, na tutalirudia. Tuanze na kifuko.

Kibandiko kilichobanduliwa

Kifuko kina sehemu mbili: mfuko wenyewe, na kibandiko, ile sahani ya gundi yenye tundu katikati inayokaa kwenye ngozi. Watu wengi wakishakibandua hukikunja haraka, wanakitia kwenye mfuko wa taka, kwa harufu na kwa aibu. Kijana alikuwa ameshaanza kukikunja.

“Kaka, hicho usikitupe kwanza,” muuguzi alimwambia. “Kigeuze tukione mgongo wake.”

“Sista, kinanuka.”

“Najua. Kigeuze tu.”

Kabla hakijabanduliwa, muuguzi alikuwa amekiandika JUU kwa kalamu upande unaoelekea kichwani. Ni jambo dogo linalosahaulika: ukigeuza kibandiko, kulia kunakuwa kushoto, na mtu huenda akatibu upande usiovuja. Stoma husomwa kama uso wa saa ya ukutani, 12 kuelekea kichwani, 6 kuelekea miguuni, 3 upande wa kushoto wa mgonjwa, 9 upande wake wa kulia. Ni namba za kwenye uso wa saa, msomaji asizichanganye na saa tatu ya asubuhi.

Mgongo wa kibandiko ulionyesha mambo mawili. Kwanza, kuzunguka tundu lote gundi ilikuwa imevimba na kuwa nyeupe, laini kama ukoko wa ugali uliolowekwa. Hiyo ni gundi iliyokunywa majimaji ikashiba. Pili, kutoka kwenye tundu kuelekea namba 3 kulikuwa na ulimi wa rangi ya kijani na kahawia, upana wa vidole viwili, uliofika hadi ukingoni. Upande wa namba 9 gundi ilikuwa kavu, bado ina vinyweleo vya tumbo.

Hapo jibu lilikuwa limeshaanza kupatikana. Kama gundi ingekuwa mbovu, au jasho ndilo tatizo, kibandiko kingeachia pande zote, au kuanzia ukingoni kuja ndani. Hiki kilianzia tunduni kwenda nje, na njia yake ilikuwa moja. Basi kuna maswali mawili tu: kwa nini tundu lote limelowa, na kuna nini namba 3?

Kadi ya wiki ya kwanza

Stoma ilipimwa. Kipenyo chake: milimita 28. Tundu la kibandiko alichokivaa: milimita 48.

Kijana alikuwa anakata sawasawa kabisa na alivyofundishwa. Wodini stoma ilikuwa imevimba, ina milimita 45, akapewa kadi ya boksi iliyotobolewa tundu la 48 na kuambiwa “kata hivi.” Kadi ile ilikuwa sahihi siku ilipokatwa. Lakini stoma mpya husinyaa kadiri uvimbe wa upasuaji unavyoisha, na huendelea kusinyaa hadi wiki ya sita au ya nane. Hakuna aliyemwambia hivyo, au kama aliambiwa, aliambiwa siku ambayo maumivu hayakumruhusu kusikia. Milimita 20 za tofauti ni milimita 10 kila upande: sentimita nzima ya ngozi tupu inayokaa ndani ya kinyesi usiku na mchana.

Na kinyesi cha ileostomi hakifanani na cha utumbo mpana. Kinatoka kikiwa majimaji, na kimebeba vimeng'enya vya kusaga protini na mafuta ambavyo bado vina nguvu. Ngozi ni protini na mafuta. Mtu mwenye stoma ya utumbo mpana anaweza kukaa na uchafu kidogo pembeni na asione kitu kikubwa. Mwenye ileostomi ataanza kuwaka ndani ya saa chache. Ngozi ikichubuka inatoa majimaji, majimaji yanashibisha gundi, gundi inaachia, kinyesi kinaingia zaidi. Mduara huo ukishaanza, hata kifuko cha bei kubwa hakiukati.

Ngozi ya kijana ilisema hivyohivyo. Kuzunguka stoma palikuwa na mviringo mwekundu, mbichi, unaong'aa kwa unyevu, na upana wake ulikuwa sentimita moja, sawa na pengo. Kuelekea namba 3 na 4 ulipanuka hadi sentimita tatu, na hapo ngozi ya juu ilikuwa imetoka kabisa.

Umbo la kidonda ni jambo la kuangaliwa kwa makini kabla ya kufungua dawa yoyote. Mzio wa gundi huacha wekundu wenye umbo la kibandiko kizima, na mwisho wake umenyooka kama umechorwa. Fangasi huja na vipele vidogo vilivyotawanyika nje ya eneo lililowiva, na muwasho kuliko maumivu. Huyo hutibiwa kwa unga wa nistatini au mikonazoli, si krimu, kwa sababu krimu ina mafuta. Vipele kwenye mashina ya nywele ni kazi ya wembe au ya kung'oa kibandiko kwa nguvu. Kidonda chenye kingo za zambarau zilizochimbika chini, chenye maumivu makali yasiyolingana na ukubwa wake, hakitibiwi nyumbani, kinahitaji daktari. Cha kijana huyu hakikuwa kimojawapo. Kilikuwa ngozi iliyosagwa na kinyesi, na tiba yake ya kwanza ni kukizuia kinyesi kisiifikie.

Namba 3

Akiwa amelala chali, tumbo lilikuwa tambarare na stoma ilijitokeza kama milimita 8. Alipoketi kwenye kiti, mambo yakabadilika. Mshono wa katikati, uliokuwa umeoza kidogo wiki ya pili ukapona kwa kujivuta ndani, ulitengeneza mfereji unaoishia pembeni mwa stoma, namba 3. Stoma nayo ilizama ikawa karibu sawa na ngozi, na tundu linalotoa kinyesi likaelekea namba 4, yaani linatapikia mferejini moja kwa moja.

Kupima mtu amelala tu ni kosa linalofanyika sana. Dereva wa bodaboda haishi amelala. Stoma itazamwe amelala, ameketi, amesimama na ameinama mbele, halafu ndipo uamuzi ufanyike.

Urefu wa stoma si urembo. Mwaka 1952 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Bryan Brooke, alieleza namna ya kuukunja nje mwisho wa utumbo mwembamba kama pindo la mkono wa shati, ili uchomoze na kumwaga kinyesi kifukoni badala ya kukimwaga kwenye ngozi. Mpaka leo lengo kwa ileostomi ni kuchomoza sentimita mbili hadi tatu. Ikishakuwa fupi, kazi ambayo chuchu ya utumbo ingeifanya inabidi ifanywe na kibandiko.

Yaliyokuwa yakifanyika nyumbani

Mama alifungua mkoba wake akatoa vitu kimoja kimoja: Vaseline, mafuta ya zinki, spiriti, GV (ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda) na plasta pana. Kila kimoja kilinunuliwa kwa upendo na kila kimoja kilikuwa kinarudisha tatizo nyuma.

Vaseline na zinki vinafunika ngozi, ni kweli, lakini gundi haishiki kwenye mafuta. Zinki ina mahali pake: kama vifuko vimekwisha kabisa na mtu anajikinga kwa gozi na vitambaa, ipakwe nene kuzunguka stoma, na inasaidia sana. Lakini zinki na kibandiko havikai pamoja. Spiriti inaunguza ngozi mbichi. GV inapaka rangi kila kitu, baada ya hapo hakuna anayeweza kuona kama wekundu umepungua au umeongezeka. Plasta ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu ilifanya kazi kwa macho tu: kibandiko kilionekana kimekaa, nje hapakulowa, na chini yake kinyesi kilikuwa kimefungiwa na ngozi kwa saa nyingi. Kifuko kinachovuja kikiwekewa plasta bado kinavuja, ila sasa hakionekani.

Kuwaka au kuwashwa chini ya kibandiko kuna maana moja hadi ithibitishwe vinginevyo: kinyesi kimefika pale. Kibanduliwe saa hiyohiyo, hata kama ni kipya, hata kama ni cha mwisho.

Kukibandika upya

Kazi ifanywe alfajiri kabla ya kula wala kunywa, maana ndipo utumbo hutulia. Vitu vyote vitandazwe kwanza: maji ya uvuguvugu, vipande vya kitambaa laini cha pamba (khanga kuukuu iliyofuliwa inafaa kuliko pamba inayoacha nyuzi), mkasi mdogo uliopinda, rula au kipimo cha stoma, kifuko, unga wa stoma, pete ya kuziba, na gozi iliyoviringishwa kama sigara.

Kibandiko kibanduliwe kuanzia juu kwenda chini, mkono mmoja ukikandamiza ngozi kwa kitambaa cha maji, mwingine ukikunja kibandiko polepole. Ngozi ndiyo inayosukumwa iachane na gundi, kibandiko kisivutwe. Kusafisha ni kwa maji tu. Sabuni yenye manukato au ya kulainisha ngozi huacha utando wa mafuta, na taulo za kufutia watoto ndivyo zilivyo pia. Stoma ikitoa matone ya damu wakati wa kufutwa isimtie mtu hofu, ina mishipa midogo mingi na haina hisia ya maumivu. Gozi iliyoviringishwa iwekwe juu ya tundu inyonye kinachotoka wakati wote wa kazi. Bila hiyo, ngozi itakaushwa mara tano na kulowa mara tano. Ngozi ikaushwe kwa kugusagusa, isisuguliwe.

Tundu jipya likatwe milimita 2 hadi 3 zaidi ya stoma. Kwa huyu: 28 ikawa 31. Kingo zilizokatwa zipitishwe kidole mpaka ziwe laini, kwa sababu ncha kali huikwaruza stoma.

Kisha unga. Hapa ndipo watu huzidisha. Unga wa stoma unanyunyizwa kwenye sehemu mbichi tu, unashika pale penye unyevu, na wote uliobaki mkavu unapukutwa kwa kitambaa. Juu yake hupigwa kwa upole kwa kifuta cha kukinga ngozi kisicho na spiriti, au kidole kilicholoweshwa maji kama kifuta hakipo, halafu unaachwa ukauke kama dakika moja mpaka uwe ukoko mwembamba. Kijana alipigwa tabaka mbili namna hiyo, ya tatu pale namba 3 peke yake. Ukoko huo unanyonya majimaji ya kidonda na kuipa gundi mahali pakavu pa kushika. Unga ukiachwa umelala mkavu, gundi itashika unga badala ya ngozi, na kifuko kitaanguka kabla ya mchana. Ile gundi ya tyubu nayo isitumike kwenye ngozi mbichi. Nyingi zina alkoholi na mgonjwa atapiga kelele.

Mfereji ulijazwa. Pete ya kuziba ilikandwa kwa vidole, ikavutwa hadi ikumbatie stoma bila kuacha pengo, na upande wa namba 3 na 4 ikaongezwa kipande ili iwe nene mara mbili. Pete zikikosekana, kuna kitu ambacho kila mtu anacho na anakitupa: kile kiduara cha gundi kinachobaki baada ya kukata tundu. Kikatwe kabari, upande wa gundi ulazwe ndani ya mfereji, kibandiko kije juu yake. Hakikai muda mrefu kama pete, lakini kinasawazisha.

Juu ya hapo kilibandikwa kibandiko kilichobinuka laini, ambacho katikati yake kina mwinuko unaosukuma ngozi chini na kuifanya stoma ichomoze. Aina hii isikimbiliwe siku za mwanzo baada ya upasuaji, mshono wa stoma ukiwa bado mbichi, na kila kikibanduliwa ngozi iangaliwe kama ina alama ya kugandamizwa isiyofutika. Wiki ya sita, mshono wa stoma ukiwa umeshikana vizuri, hakuna tatizo. Mkanda wake ulifungwa usawa wa stoma, si kiunoni, kwa kukaza kunakoruhusu vidole viwili kupita. Ukipanda juu unakiinua kibandiko upande mmoja na kukifungua ule wa pili.

Kabla ya kubandika, kibandiko kilikaa kwapani dakika mbili. Gundi hii inalainika kwa joto la mwili. Kikabandikwa kuanzia chini kwenda juu mgonjwa akiwa ameegemea nyuma, tumbo limenyooka, kidole kikapitishwa kuzunguka stoma, halafu kiganja kikatulia juu yake dakika tatu. Dakika ishirini nyingine asiiname. Joto hilohilo linalosaidia mwilini linaharibu akibani: vifuko visihifadhiwe chini ya bati wala ndani ya gari.

Chakula, maji na uzito wa kifuko

Kifuko kimwagwe kikifika theluthi moja, kisizidi nusu. Uzito unavuta kibandiko kutoka juu, na hakuna gundi inayoshindana nao usiku kucha.

Kujinyima kula hakukumsaidia. Ileostomi inatoa majimaji hata mtu asipokula, na yanatoka na chumvi ya mwili. Kilichomwagwa kilipimwa siku mbili kwa jagi lenye alama: mililita 1,400 kwa siku. Kiasi cha kawaida ni kati ya 500 na 1,000. Ikipita 1,500, mtu anaweza kukaukiwa haraka na figo zikaumia. Na kunywa maji matupu kwa wingi huzidisha utokaji, kwa sababu utumbo humwaga chumvi ndani ya maji hayo. Alipewa ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, lita moja kwa siku, inywewe kidogo kidogo, na maji mengine yakapunguzwa. Milo ikawa minne midogo: wali, ugali, viazi vya kuchemsha, ndizi mbivu, samaki, mayai. Makande, mahindi ya kuchoma, korosho, vipande vya nazi na miwa vikaachwa kwa sasa, kwani katika wiki hizi huweza kuziba palipo pembamba. Daktari aliongeza loperamaidi, dawa ya kupunguza mwendo wa utumbo, miligramu 2, nusu saa kabla ya milo. Siku ya tano kipimo kilisoma mililita 850, na kinyesi kilikuwa kizito kama uji. Kinyesi kizito kinatambaa chini ya kibandiko kwa shida zaidi, kwa hiyo dawa hiyo ya tumbo ilikuwa pia dawa ya ngozi.

Mama alielezwa mambo ya kumrudisha hospitali bila kusubiri kliniki: stoma kuwa nyeusi au ya zambarau iliyokolea, kutotoka kitu kwa saa sita huku tumbo likisokota au kutapika, damu inayotoka ndani ya tundu lenyewe, kizunguzungu na mkojo kuadimika.

Siku zilizofuata

Kibandiko cha kwanza kilibanduliwa baada ya saa 48 ingawa hakikuwa kimevuja. Kwenye ngozi mbichi haifai kusubiri. Kiligeuzwa: duara jeupe kuzunguka tundu lilikuwa limebaki milimita chache, na ule ulimi wa namba 3 ulikuwa umefupika hadi kuwa doa la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kwa hiyo pete iliongezwa unene kidogo pale, basi. Kingine hakikuguswa. Kubadilisha mambo manne kwa pamoja kunamnyima mtu kujua lipi lilisaidia.

Cha pili kilikaa siku tatu, na mgongo wake ulikuwa safi hadi karibu na tundu. Siku ya 12 ngozi ilikuwa imefunga, ya waridi, kavu. Siku hiyo unga ulisimamishwa. Wengi huuendeleza kwa kuupenda, halafu wanashangaa kifuko kimeanza kuanguka tena. Ngozi kavu haihitaji unga. Ratiba ikawa kubadilisha Jumatatu na Alhamisi alfajiri, kivuje kisivuje. Vifuko vitatu kwa siku vimekuwa viwili kwa wiki.

Wiki ya kumi stoma ilipimwa tena: milimita 26. Kadi ya zamani yenye tundu la 48 ilikutwa bado imo ndani ya mkoba wa mama, imekunjwa pamoja na karatasi za hospitali, ikachanwa. Mpya ina tundu la 29, imeandikwa tarehe kwa kalamu, na chini yake imeandikwa tarehe ya kupima tena.